Heshitegi elfu na ukurasa mmoja

Mwaka 2021 ujira ulikuwa dola 10 hadi 15 za Marekani kwa siku. Ulitumwa kwa M-Pesa, na kazi yenyewe haikudai cheti wala mahojiano. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unapewa heshitegi, unapewa maneno ya kubandika na picha za kuambatisha, kisha unatajiwa saa ya kuanza. Saa ikifika mnaandika nyote kwa mpigo. Muda si muda jina la jaji fulani au mwanaharakati fulani linapanda kwenye orodha ya mambo yanayovuma nchini, na mtu aliyeketi zake Kisumu akifungua simu anaamini kwamba Wakenya wote wameamka wakiwa na hasira na huyo jaji.

Odanga Madung na Brian Obilo, waliokuwa wakifanya utafiti chini ya Mozilla Foundation, waliianika biashara hiyo mnamo Septemba 2021. Mwaka huo Kenya ilikuwa imezama katika mvutano wa BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba ambao Mahakama Kuu iliuangusha mwezi Mei. Majaji na wanaharakati waliosimama upande wa pili ndio waliokuwa shabaha. Watafiti hao walichambua kampeni 11 zenye tweeti zaidi ya 23,000 kutoka kwa akaunti zaidi ya 3,700, na baada ya matokeo yao Twitter ikazifunga akaunti zaidi ya mia moja. Walioajiriwa wenyewe hawakuwa majitu ya kutisha. Wengi walikuwa vijana wanaotafuta nauli na bando.

Hila hiyo hufaulu kwa sababu ya namna orodha ya mivumo inavyopangwa. Wengi hudhani mashine inahesabu tu: neno lililotajwa mara nyingi zaidi ndilo linaloshika nafasi ya kwanza. Ingekuwa hivyo, Arsenal isingetoka kileleni hata wiki ambayo haina mechi. Kinachopimwa hasa ni kasi, yaani neno ambalo jana halikuwa na mwenyewe na leo limeanza kutajwa ghafla na watu wengi katika muda mfupi. Kwa hiyo watu mia kadhaa wanaoandika pamoja saa tatu asubuhi wanaweza kuwapiku maelfu waliozungumza jambo lao kutwa nzima, kila mmoja kwa nafasi yake. Ni lile lori la wafuasi wa kukodi tulilolizoea wakati wa kampeni, ila hili halinywi dizeli.

Sisemi kwamba kila mvumo umenunuliwa. Julai 2015, Barack Obama alipokuwa njiani kuja Nairobi, CNN iliielezea sehemu hii ya dunia kama kitovu cha ugaidi. Wakenya wa Twitter wakaibuka na #SomeoneTellCNN, wakacheka, wakatukana, wakatundika picha za mbuga na za harusi za binamu zao, na mwezi uliofuata Tony Maddox, mkubwa wa CNN International, akapanda ndege hadi Nairobi kuomba radhi kwa Rais Uhuru Kenyatta. Sidhani kuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Watu walijitolea kwa raha zao. Na Juni 2024, heshitegi ya kuukataa Mswada wa Fedha ilitoka kwenye simu ikaingia barabarani, waandamanaji wakaingia Bungeni tarehe 25, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Watu waliuawa katika siku hizo. Anayeuita mwaka 2024 kelele za mtandaoni aende akawaambie wazazi wao.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mvumo hauliwezi, na katika mazungumzo yetu kuhusu nguvu ya mitandao ya kijamii huwa tunalipita. Mvumo unajua kukataa, kudhihaki na kuita watu. Haujui kuweka kumbukumbu. Haujui kufuatilia mbunge mmoja kwa miaka mitano, wala kupanga taarifa elfu moja ili ijulikane ipi ilitokea wapi na lini. Kazi za namna hiyo katika ukanda huu zimefanywa na tovuti, nyingi zikiwa ndogo, nyingine zimejengwa kwa siku chache na watu wawili au watatu ambao hakuna aliyewatuma. Historia hiyo ni yetu, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache kwenye madarasa yanayowafundisha vijana kuunda tovuti.

Chukua Januari 2008. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi jimbo la Alabama nchini Marekani, alikuwa na Mashada, jukwaa ambalo kwa miaka mingi lilikuwa baraza la Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni. Mtu alikuja pale kuuliza habari za kazi, kubishana siasa, kutafuta mchumba. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa na mauaji yakaanza Bonde la Ufa, Nyanza na mitaa ya Nairobi, vurugu zilihamia humo ndani. Wanachama waliokuwa wakitaniana kwa miaka wakaanza kutukanana kwa makabila, na wasimamizi wakashindwa kufuta maneno kwa kasi ambayo yalikuwa yakiandikwa. Kwa lugha ya leo tungesema ushiriki ulikuwa umepanda sana. Mwenye mtandao wa kijamii angefurahia takwimu hizo.

Kobia alilifunga jukwaa lake. Badala yake akaweka ukurasa mwingine, I Have No Tribe, na waliokuja kutafuta ugomvi wakapelekwa huko, mahali ambapo kulikuwa na jambo moja tu la kufanya: kuandika neno kama Mkenya asiye na kabila. Watu wakaandika. Wengine waliandika sala, wengine mashairi, wengine sentensi moja ya aibu. Nimeyafikiria sana maamuzi hayo mawili, kufunga na kufungua, kila ninapomsikia mkuu wa kampuni kubwa ya mtandao akiapa mbele ya kamati ya bunge la nchi yake kwamba chuki haizuiliki kwa sababu watu ni wengi mno.

Siku hizohizo Ory Okolloh, mwanasheria na mwanablogu, alikuwa akipokea taarifa za mauaji kutoka kila pembe. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, kwa hiyo blogu yake ikawa mojawapo ya vyanzo vichache vya habari, naye akawa anachuja peke yake mamia ya ujumbe. Tarehe 3 Januari aliuliza hadharani kama hakuna mtaalamu wa kompyuta anayeweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi. Erik Hersman na Juliana Rotich wakaitika, Kobia akaketi kuandika msimbo, na ndani ya wiki moja hivi Ushahidi ikawa hewani. Ilikuwa ramani ya Google, fomu ya kujaza, na njia ya kupokea ujumbe mfupi wa simu. Basi. Aliyekuwa na simu ya kawaida tu aliweza kueleza kilichotokea kijijini kwake, na taarifa ikapata nukta yake kwenye ramani, ikiwa na tarehe na mahali.

Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoiangusha Port-au-Prince mnamo Januari 2010, programu hiyohiyo ikatumika kupanga miito ya waliofukiwa na waliokosa maji. Wahaiti wa ughaibuni walitafsiri ujumbe uliotumwa kwa Kikrioli, wanafunzi wa huko Boston wakauweka kwenye ramani. Msimbo ulioandikwa kwa ajili ya vurugu za Eldoret ukawa umefika Haiti, kwa kuwa walioutengeneza waliuachilia bure kwa yeyote anayeutaka.

Okolloh hakuwa mgeni wa kazi hii. Yeye na Conrad Akunga walikuwa tayari wameanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge, na sababu yake ni ya kuchekesha mtu akiusahau uchungu wake: tovuti rasmi ya Bunge la Kenya ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa hadharani. Wao wawili wakasema, haya, tutaweka sisi.

Siku hizi kijana akimaliza kozi ya kuunda tovuti, kazi ya kwanza anayojivunia huwa nakala ya kitu kilichopo: duka la mtandaoni lisilo na bidhaa, au Twitter ndogo isiyo na watu. Mjasiriamali naye haoni haja ya tovuti kabisa. Mwenye duka la vitenge Gikomba au Kariakoo ana ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp, na bei huitoa inboksi. Simlaumu. Wateja wake wako huko, na malipo ni M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), kwa hiyo tovuti ya kutoza kwa kadi ya benki haimsaidii chochote. Kinachonisumbua ni ushauri anaopewa kwamba tovuti zimepitwa na wakati, kisha siku ukurasa wake unapodukuliwa au kufungwa anagundua kwamba hana hata orodha ya wateja wake.

Na hao wachache wanaounda tovuti wamefuata mivumo pia, ya aina nyingine. Ulimwengu wa wasanidi wa programu una heshitegi zake, washawishi wake na mizozo yake ya kila wiki kuhusu zana ipi imekufa na ipi ndiyo inayotamba. React, maktaba ya msimbo ambayo leo iko kila mahali, ilitoka Facebook mwaka 2013, na ilitengenezwa kwa shida za Facebook: ukurasa mmoja wenye maelfu ya vitu vinavyobadilika kila sekunde. Ukiitumia kwa tovuti ya shule ya msingi yenye aya tatu na namba ya mwalimu mkuu, mzazi ndiye anayelipa kwa bando lake. Mwaka 2010 ukurasa wa wastani wa wavuti ulikuwa na uzito usiofika megabaiti 1. Sasa umevuka megabaiti 2. Maneno hayakuongezeka, kilichoongezeka ni picha, hati za kufuatilia wageni, na msimbo unaopakuliwa ili kuonyesha maandishi ambayo yangeweza kuonyeshwa bila huo msimbo.

Nizitendee haki kidogo zana hizo pia. Zimekuja na huduma za kuhifadhi tovuti bila malipo, ambapo mtu mmoja akiwa chumbani kwake anaweza kuiweka kazi yake mtandaoni kwa dakika chache, bila kununua seva na bila kumwomba mtu kibali. Huduma ya Vercel ni mojawapo. Anwani yenye jina lake ndiyo iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka Nairobi mnamo Juni 2025.

Rose Njeri, msanidi wa programu na mama wa watoto wawili, alikuwa ametengeneza ukurasa unaoitwa Civic Email. Mswada wa Fedha wa 2025 ulikuwa Bungeni, na Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Njia rasmi ya kushiriki ni kuandika waraka wa maoni kwa karani. Ni wangapi wanaojua anwani ya karani? Ni wangapi watakaosoma mswada, wachague vifungu vinavyowagusa, waandike kwa lugha inayokubalika ofisini, watume kabla ya siku ya mwisho? Ukurasa wa Njeri ulirahisisha yote hayo. Ulionyesha vifungu vinavyolalamikiwa, ukamwezesha mwananchi kupeleka pingamizi lake kwa karani wa Bunge na kwa Kamati ya Fedha kwa kubofya kitufe.

Alikamatwa nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 30 Mei. Siku ya Madaraka iliangukia Jumapili, Jumatatu ikawa sikukuu, na Mkenya huyo akaiadhimisha siku ya taifa kujitawala akiwa korokoroni. Jumanne akafikishwa kortini Milimani, akatetewa na kundi la mawakili wakiongozwa na mwanasiasa na wakili Kalonzo Musyoka. Shtaka lilitokana na sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018: kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka mitano. Upande wa mashtaka ulidai kwamba programu yake ilizalisha barua pepe nyingi zilizovuruga mifumo ya Kamati ya Fedha.

Tafakari maana yake. Ofisi iliyopewa na Katiba kazi ya kupokea maoni ililalamika kwamba imeyapokea. Kiufundi, hakuna kilichovunjwa. Hakuna nywila iliyoibwa, hakuna faili iliyofutwa, hakuna mlango uliofunguliwa kwa nyuma. Kuna anwani ya umma, na kuna watu waliotuma barua kwenye anwani ya umma. Kama sanduku la barua pepe la Bunge linazidiwa na wananchi wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, hilo ni suala la fundi wa Bunge.

Heshitegi ya kudai aachiliwe ilivuma wikendi nzima, na naamini ilimsaidia; bila hiyo huenda mawakili wa ngazi ile wasingejaa kortini. Hapo ndipo mvumo na tovuti hukutana vizuri, kila kimoja kikifanya kazi yake. Lakini angalia ni kipi kilichofuatwa na polisi kwanza. Machapisho mengi dhidi ya mswada yalikuwepo. Yaliweza kusubiriwa yapoe. Ukurasa wa Njeri haukuwa na haja ya kuvuma, maana kila aliyebofya aliacha waraka wake mezani kwa karani wa Bunge. Hata hivyo, chapisho la kawaida nalo si salama: wiki hiyohiyo ya kesi yake, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa kwa sababu ya ujumbe wa X (zamani Twitter) kuhusu naibu inspekta jenerali wa polisi, akafa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi.

Tarehe 20 Juni mahakama iliamua kwamba hati ya mashtaka ilikuwa na utata na haikuonyesha kosa lolote. Njeri akaondolewa mashtaka.

Kwa majirani zetu wa kusini, Tanzania, mwenye tovuti amejifunza somo hili kwa muda mrefu zaidi. Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha mwaka 2006 jukwaa ambalo baadaye liliitwa JamiiForums, na kashfa kubwa za miaka ile, ile ya mkataba wa umeme wa Richmond ikiwemo, zilijadiliwa humo kwa undani ambao magazeti hayakuuthubutu. Februari 2008 wote wawili walikamatwa. Desemba 2016 Melo akakamatwa tena, na miongoni mwa mashtaka yake kulikuwa na moja ambalo wasanidi wa Afrika Mashariki wangepaswa kulifundisha darasani: kuendesha tovuti ambayo haikusajiliwa kwa kikoa cha .tz. Kumbe herufi mbili za mwisho wa anwani zinaweza kumpeleka mtu kizimbani. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Ada ya maombi, leseni na malipo ya mwaka kwa pamoja zikafika shilingi milioni 2.1 za Tanzania, na blogu nyingi zikafa kimyakimya kwa kuwa zilikuwa za watu walioandika kwa mapenzi tu.

Waliokimbilia mitandao ya kijamii wakidhani huko ni huru walipata jibu lao Mei 2025, X ilipozuiwa Tanzania. Septemba mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, TCRA, ikaisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, intaneti yenyewe ikazimwa nchini kwa siku kadhaa, hapo mwenye tovuti na mwenye akaunti wakawa sawa. Kwa hiyo sitadai kwamba kujenga chako kunakuepusha na mkono wa dola. Tofauti ninayoiona ni kwenye kinachobaki. Mijadala ya miaka ile ya Richmond bado mtu aliweza kuitafuta na kuisoma miaka kumi na kitu baadaye, ikiwa na majina, tarehe na mabishano yake yote. Nitafutie mtu anayeweza kunionyesha kilichokuwa kikivuma Dar es Salaam Jumanne moja ya mwaka 2015.

Nchini Kenya, Rais Ruto alitia sahihi marekebisho ya sheria ya uhalifu wa kompyuta mnamo Oktoba 2025. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vinavyohusu unyanyasaji mtandaoni, na hivyo ndivyo vilivyozungumzwa zaidi, kwa sababu vinamgusa kila anayeandika. Mimi nilikwenda kwenye sehemu inayoipa kamati ya serikali mamlaka ya kuagiza tovuti au programu ifungwe. Imetaja ugaidi, imetaja ngono inayohusisha watoto, imetaja dini zenye itikadi kali, na nani atabisha? Lakini imetaja pia tovuti inayoendeleza shughuli haramu, bila zaidi. Katika kesi ya Njeri, upande wa mashtaka ulipewa nafasi ya kumweleza hakimu uharamu wenyewe uko wapi, ukashindwa. Kamati haitakuwa na hakimu wa kumweleza.